Muulize Bwana Sikosei: Simbilisi Wangu Wamenuna

Shikamoo Bwana Sikosei. Dada yangu kanipa watoto wawili wa simbilisi, wa wiki nne. Leo ni siku ya tatu, wamejibanza kwenye kona ya boksi, hata kunitazama hawataki. Nimewapikia ugali laini wa maziwa, wamekataa. Nimekosea wapi? — Mlezi Mpya, Morogoro.

Marahaba, mwanangu. Tangu wanyama hao waingie nyumbani kwako umefanya jambo moja tu la busara, nalo ni kuniandikia mimi. Hayo mengine, ukiwemo huo ugali, tutayazungumza taratibu ili usilie.

Najua wapo watakaouliza Bwana Sikosei anajua nini kuhusu simbilisi. Ni walewale waliouliza najua nini kuhusu ndoa, nikawajibu kwa kushauri ndoa kumi na moja, na katika hizo tatu wahusika mpaka leo wanasemezana. Safu hii nimeiandika tangu enzi za taipureta. Nilimshauri jirani ambaye mbuzi alikuwa anamlia nguo kwenye kamba. Tuliondoa kamba, mbuzi akatulia. Nilimsaidia mzee mmoja aliyekuwa anaota treni kila usiku, nikagundua kwa akili yangu mwenyewe kwamba anaishi kando ya reli. Mtu mwenye sifa hizi hawezi kushindwa na vijinyama viwili ambavyo ukivipima kwa pamoja havifiki kilo.

Tuanze na jina. Waingereza wanamwita nguruwe wa Guinea, na hapo wamekosea mara mbili kwa pigo moja: si nguruwe, wala Guinea hakutoka. Kwao ni milima ya Andes, huko Peru na Bolivia, ambako watu walimfuga maelfu ya miaka kabla Mhispania hajatia nanga. Wenyeji wanamwita cuy, kwa kuiga sauti yake. Kwenye kanisa kuu la mji wa Cusco upo mchoro wa Karamu ya Mwisho wa Marcos Zapata, wa karne ya 18, na katikati ya meza, kwenye sahani, amelala chali mnyama ambaye watu wengi wa huko watakuapia kuwa ni cuy. Nilimwonyesha mama watoto picha yake. Aliitazama kitambo, akasema, "Hawakumkausha vizuri."

Hapo inabidi nieleze. Mama watoto ni mzaliwa wa Njombe. Amekulia katika nyumba ambayo simbilisi hulala jikoni, penye joto na penye majani yanayodondoka, na siku ya wageni hubaki palepale jikoni, ila ndani ya sufuria. Kwa hiyo mengi utakayosoma hapa chini nimeyathibitisha kwake. Sikusema nimeyapata kwake. Nimeyathibitisha.

Sasa tuje kwenye kununa. Mshauri wa kawaida angekujibu akiwa ameketi kwenye kiti. Mimi Jumamosi iliyopita niliingia ndani ya boksi la friji, nikajikunja, nikamwambia mjukuu wangu afunge juu aache upenyo mdogo. Nilitaka nione anachokiona simbilisi. Dakika tano za mwanzo nilitulia, nikasinzia kidogo. Dakika ya sita upenyo ukaingia giza, mkono mkubwa ukashuka kutoka juu ukinipapasa, na nakiri mbele ya wasomaji wangu wote kwamba nilipiga ukelele ambao fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara aliusikia. Kumbe ulikuwa mkono wa mama watoto, anatafuta hela ya gesi.

Basi hicho ndicho wanachokiona wanao. Kwa simbilisi, chochote kinachoshuka kutoka juu ni mwewe. Mkono wako wenye upendo ni mwewe. Uso wako ulioinamia boksi ukiimba "jamani vitoto vyangu" ni mwewe mkubwa zaidi, tena anayeimba. Simbilisi naye hana pembe, hana sumu, mbio zake ni za kutoka hapa mpaka chini ya kabati. Silaha aliyobaki nayo ni kuganda kama jiwe na kuomba asionekane. Hawajanuna, mwanangu. Wanajificha mbele ya macho yako.

Waache siku mbili tatu, mradi wanakula. Funika upande mmoja wa kizimba kwa khanga, kiweke mbali na redio na mlango unaobamizwa, pita karibu ukiongea kwa sauti yako ya kila siku. Wape chakula uondoke. Mtu akisimamiwa hali. Baadaye kaa sakafuni, ubavuni mwao, unyooshe jani la sukuma wiki utulie. Usimfuate. Akija atakuwa amelifuata jani, hakukufuata wewe, na hilo ukubali kudharauliwa nalo hata wiki nzima. Utaratibu huuhuu niliutumia kwa baba mkwe mwaka 1981, isipokuwa badala ya jani nilinyoosha blanketi.

Boksi lile lilinifundisha na jambo la pili. Mjukuu, kwa kutaka kuisaidia sayansi, alimleta paka. Nikataka kutoka, nikakuta mlango ni mmoja na paka kakaa mlangoni. Kwa hiyo kibanda chao cha kujifichia kitoboe milango miwili, ili wakikorofishana yule mnyonge awe na pa kutokea. Na vikiwa vibanda viwili, heri zaidi. Ugunduzi huu naomba uitwe Mlango wa Sikosei.

Ugali sasa. Mimi ugali nauheshimu, naula mara mbili kwa siku. Lakini tumbo la simbilisi ni kinu kinachoendeshwa na nyasi, na kinatakiwa kisage mchana na usiku bila kusimama. Ukikitia wanga mwingi, vijidudu vinavyokaa humo na kumsaidia kusaga vinavurugika, gesi inajaa, kinu kinasimama, na simbilisi ambaye kinu chake kimesimama hana siku nyingi. Maziwa ya ng'ombe ndiyo kabisa. Huyu si mtoto wa paka. Anazaliwa na manyoya yake, macho yamefunguka na meno yako mdomoni, na siku chache tu baadaye utamkuta anatafunatafuna majani ubavuni mwa mama yake. Akifika wiki tatu hivi ameacha ziwa. Hao wako wa wiki nne ni watu wazima wenye umbo dogo, na umewakaribisha kwa uji.

Wape nyasi. Kavu zisizo na ukungu wala vumbi, zijae kizimbani saa 24, wazilalie, wazichafue, uwaongeze nyingine. Mbichi pia, zilizokatwa mahali pasipopigwa dawa na pasipopita mbwa, ila uanze na kishungi kidogo kwanza, tumbo lizizoee. Nilizionja. Ndiyo, nilikaa barazani nikatafuna nyasi, kwa sababu sipendi kumshauri mtu jambo nisilolijua. Meno ya simbilisi hayaachi kuota mpaka anaingia kaburini, na nyasi ndizo zinazoyasaga yasimzibe kinywa. Yangu yaliacha kuota zamani, mengine yameshahama, kwa hiyo jaribio halikufika mbali. Ukipata lusini kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, wape sasa hivi wakiwa wanakua, ina kalsiamu ya mifupa. Wakipita miezi sita ipunguze, maana kalsiamu ileile ikizidi huwatengenezea mawe kwenye kibofu.

Na kabla ya yote hayo, mpigie dada yako umuulize walikuwa wanakula nini kwake, uwape hichohicho kwa siku za mwanzo, halafu ubadilishe kidogokidogo. Simbilisi anajifunza chakula kwa kumwangalia mama yake. Mboga asiyoijua utotoni ataitazama ukubwani kama umemwekea soksi. Nina shemeji wa namna hiyo; alilelewa kwa wali na maharage, na ukimwekea mlenda anauliza nani kaugua.

Hapa sasa naomba uketi vizuri, maana ndipo ninapong'ara. Mwaka 1907 kule Norwe, mabwana wawili, Axel Holst na Theodor Frølich, walikuwa wanachunguza ugonjwa wa mabaharia. Wakawalisha simbilisi nafaka tupu, kama wewe na ugali wako. Wanyama wakavimba viungo, fizi zikavuja damu: kiseyeye, kilekile kilichomaliza mabaharia. Mbuzi akila nafaka hapati kiseyeye, wala mbwa, wala panya, kwa kuwa miili yao inajitengenezea vitamini C. Simbilisi hawezi. Mtu naye hawezi. Ndiyo kusema mimi na wanao tumo katika chama kimoja, na naona nifanywe mwenyekiti.

Halafu akaja Mhungaria, Albert Szent-Györgyi, akiishi mji wa Szeged unaolima pilipili nyekundu zisizo kali. Mwenyewe alisimulia kwamba jioni moja mkewe alimwekea pilipili hizo mezani, hakuwa na hamu nazo, akasema atazipeleka maabara zikapimwe. Zikakutwa zimejaa vitamini C, na mwaka 1937 akapewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Simbilisi walikuwemo kwenye kazi ile tangu mwanzo; ndio waliopewa vitamini hiyo kuona kama kiseyeye kitawakwepa. Nimeisoma habari hii kwa uchungu. Mimi nimekataa mabamia ya mama watoto tangu mwaka 1983 na hakuna mtu aliyenipigia simu kutoka Sweden.

Kwa hiyo pilipili hoho. Kipande cha upana wa vidole viwili kwa kila mmoja, kila siku, pamoja na majani unayobadilishabadilisha: sukuma wiki leo, kesho matembele, siku nyingine giligilani. Mchicha mara mojamoja tu. Pera nalo lina vitamini C kuliko chungwa, lakini lina sukari, basi kipande kidogo mara moja au mbili kwa wiki. Simbilisi mmoja anahitaji kati ya miligramu 10 na 30 kwa siku, na huyu anayekua umlenge kule juu. Usiuziwe matone ya kutia kwenye maji. Vitamini C ndani ya maji haikawii kupotea, na ladha ikibadilika mnyama anaacha kunywa, unakuwa umemkosesha vyote viwili. Chakula cha punje cha sungura nacho kiache. Sungura anajitengenezea vitamini yake, hivyo aliyekitengeneza hakuwa na sababu ya kuitia.

Majani ya viazi mviringo na ya nyanya, hapana. Vitunguu vya aina zote, hapana. Parachichi hapana kabisa, tunda, kokwa na jani lake. Nilimwuliza mama watoto, ambaye kwao parachichi ndiyo ada ya shule, kama waliwahi kumpa simbilisi. Alinitazama kama mtu aliyeuliza kama walimpa simbilisi hati ya nyumba.

Hapa nilikuwa nimeandika aya nzuri sana, pengine nzuri kuliko zote, kuhusu kupasua kapsuli ya amoksilini kutoka duka la dawa na kuinyunyiza kwenye sukuma wiki kama kinga. Mama watoto aliisoma akiwa nyuma ya bega langu, akanyoosha mkono kutoka juu, akachukua kalamu. Dawa za jamii ya penisilini zinaua vile vijidudu vya tumboni, na mwenye tumbo anavifuata. Usimpe dawa ya mtu. Na simbilisi akikaa nusu siku hajagusa chakula, au kinyesi kimekatika, hilo si la safu hii. Ni la daktari wa mifugo, siku hiyohiyo, usingoje kesho.

Ili kukamilisha utafiti nilinunua wawili wa kwangu, madume wawili wa tumbo moja, nikawapa majina ya Katibu na Mweka Hazina. Nilianza kwa kuwasomea safu zangu za zamani kila jioni. Katibu alilala. Nimelihesabu kama utulivu. Wiki ya pili, nimekaa zangu, Mweka Hazina akaruka juu wima, akajipindua hewani, akatua, akaruka tena, kama punje ya bisi ndani ya sufuria ya moto. Nilikimbia mpaka uani nikipiga kelele kwamba mnyama kashikwa na degedege. Mama watoto alikuja, akachungulia, akasema, "Amefurahi huyo." Wakiwa wadogo huruka hivyo wanapojisikia salama. Huo ndio ushahidi unaoutafuta, mwanangu, na siku utakapouona utajua umefaulu. Kwangu nimeuona mara nyingi. Nimechunguza saa na mazingira, nikaandika kwenye daftari, na naripoti kwa uaminifu wa kisayansi kwamba Mweka Hazina huruka kila mama watoto anapoingia na mfuko wa mboga, hupiga na filimbi kabisa, "wiiik, wiiik", mpaka ahudumiwe. Nikiingia mimi huendelea kula.

Tangu mwanzo wa jibu hili nilikusudia kusema kwamba simbilisi wafugwe wawili wawili, lakini naona sijaandika. Umefanya vyema kupewa wawili. Uswisi wametunga sheria, tangu mwaka 2008, kwamba simbilisi hafugwi peke yake, kwa kuwa upweke unamwumiza. Mimi niliishi miaka minne chumba kimoja Tabata kabla ya kuoa, na hakuna serikali iliyojitokeza.

Mhariri amepita akanionyesha saa, kwa hiyo yaliyobaki meza bila kutafuna. Kizimba kwa wawili kisipungue sentimita 120 kwa 60, chini pawe pagumu, si waya, miguu yao inachubuka. Maranda yasiwe na vumbi wala ya mti wenye harufu kali. Maji safi kila siku, kwenye chupa ya kuning'iniza au bakuli zito wasiloweza kulipindua. Hawatoi jasho, na Morogoro si Andes: jua likikaza waweke kivulini penye hewa, uwafungie chupa ya maji ya barafu ndani ya kitambaa waiegemee. Usiwaogeshe. Kuwabeba ni mikono miwili, mmoja kifuani na mwingine chini ya makalio, na mtoto yeyote anayetaka kuwapakata akae sakafuni kwanza, maana kuanguka kutoka kiunoni kunavunja mgongo. Wapime kila wiki kwa mizani ya jikoni, ndani ya bakuli, uandike. Mtoto wa simbilisi asiyeongezeka ni mgonjwa hata kama anakuchekea. Bakuli hilo usilirudishe mezani. Nimeambiwa nilitaje.

Bwana Sikosei, niliuziwa majike wawili. Leo nimeamka wako watano. — Nashangaa, Iringa.

Hongera. Acha kusoma, mtoe dume, ndipo urudi.

Umerudi? Vizuri. Jike wa simbilisi anaweza kushika mimba nyingine saa chache baada ya kuzaa, ndiyo maana nimekutuma mbio. Mimba yao huchukua siku 59 mpaka 72. Hesabu kurudi nyuma: ikiwa hawajatimiza hizo kwako, huenda mama yao alikuja nayo tumboni na dume huna, na yule uliyemfungia stoo umwombe radhi. Ikiwa wametimiza, aliyekuuzia hakutazama chini ya mkia. Na hao watatu wapya watazame wewe mwenyewe, au mwite anayejua, kwa sababu dume mdogo anaweza kuanza mambo ya kikubwa akiwa na wiki tatu, tena hachagui, hata mama yake mzazi. Wiki tatu zikitimia, madume wahame. Mama yao mwongezee nyasi, na pilipili hoho ya ziada. Ana matiti mawili tu na watoto watatu, wanapanga foleni kwa zamu na mara nyingi inakwenda bila ugomvi, jambo ambalo kwenye kituo chetu cha daladala halijawahi kutokea.

Nilikuwa na kisa kirefu na kitamu cha jogoo wangu aliyetaga, lakini nafasi imekwisha.

Wewe wa Kigoma, unayeulizia baba mkwe aliyenuna tangu Idi: soma jibu la kwanza. Blanketi badala ya jani, na usimjie kutoka juu.